Tupeane uzoefu: sauti ya R.E.M. ilijengwaje?

Mwanzisha uzi: Wadau, tukusanye tunachokijua kuhusu R.E.M., bendi ya rock ya Athens, Georgia, Marekani (1980–2011). Naanza na gitaa. Peter Buck, mpiga gitaa wao, hakuwa mtu wa solo ndefu. Aliichambua kodi (noti kadhaa za pamoja, "chord") uzi mmoja mmoja kwenye gitaa la umeme la Rickenbacker 360, mtindo unaotokana na folk ya Marekani ya miaka ya 1960. Ukimwiga, punguza mkwaruzo wa amplifaya, la sivyo nyuzi zinamezana na ule mtiririko unapotea.

Nyuzi Nane: Mkuu, usisahau mandolini, kile chombo kidogo kama gitaa, kwenye wimbo wao "Losing My Religion" (1991). Nyuzi ni jozi nne: G, D, A, E. Kuanzia jozi nene, kodi ya Am ni 2-2-3-0 (namba ni kibonyezo cha kila jozi, 0 ni bila kubonyeza), Em ni 0-2-2-3, Dm ni 2-0-0-1. Wapiga gitaa huchanganyikiwa kwa sababu mpangilio huu ni kinyume cha zile nyuzi nne nene za gitaa. Weka sawa sauti ya uzi mmoja wa jozi kwanza, kisha mfuatishe mwenzake hadi sauti iache kuyumba. Zikipishana hata kidogo, utadhani chombo ni kibovu.

Besi Kwanza: Na msiipige mandolini peke yake mkategemea uzito ule. Noti yake ya chini kabisa ni G, kwa hiyo chini hakuna kitu. Kwenye rekodi, besi ya Mike Mills inabeba chini, Peter Holsapple, mwanamuziki msaidizi, anajaza katikati kwa gitaa kavu (lisilo la umeme), halafu kuna ala za nyuzi za okestra zilizorekodiwa Atlanta. Bendi nyingi zinazoipiga upya huliacha gitaa kavu, na wimbo unabaki mwembamba.

Mzee wa Kaseti: Kwangu mimi siri kubwa ni karatasi, wala si vyombo. Nyimbo zao ziliandikwa kwa majina ya wote wanne: Berry (drams), Buck, Mills, Stipe (mwimbaji). Anayepiga drams analipwa utunzi sawa na anayeimba. Bendi ngapi zimevunjika kwa kugombea hilo!

Nyuzi Nane: Kweli kabisa, mzee. Bill Berry alipasukiwa na mshipa wa ubongo Lausanne, Uswisi, Machi 1995, katikati ya onyesho. Akapona, akaiacha bendi 1997. Hawakumpa mtu mwingine nafasi yake ya uanachama. Wapiga drams waliofuata walikuwa wa kukodiwa. Anayetaka kulisikia pengo lake asikilize albamu ya "Up" (1998), mashine ya midundo imeshika sehemu nyingi alizokuwa akipiga yeye.