Tupeane uzoefu: njia za mulimani kisha mvua ao theluji

Mutoto wa Nguba
Jambo bandugu. Mvua inaelekea kuisha, mwezi wa sita ni karibu, na naona vijana beshaanza kupanga kupanda mulima Kahuzi, karibu na Bukavu, na viatu vya kucheza mupira. Mwenye alishapita njia ya mulima kisha mvua, ao kisha theluji kwa benye bako Ulaya na Kanada, atueleze vile alikuta.

Fundi Kadutu
Kahuzi iko na meta 3308 lakini shida haiko ku kilele, shida iko mu mianzi. Kule jua haiingiake, matope inabakia hata mu kiangazi, na majani ya mianzi inalala juu yake unaona njia ni kavu, unakanyaga, mguu inaenda. Kushuka njo mbaya zaidi. Na musikamate mianzi yenye ilikatwa na panga, inapasula kiganja. Vaeni bote za kauchu.

Yaya wa Québec
Huku Kanada theluji inayeyuka mwezi wa ine na wa tano. Parkingi utaikuta kavu, batu na tisheti, ukiingia mu miti ya sapini theluji iko bado ju ya kivuli. Ile theluji yenye batu balikanyaga kipindi yote ya baridi katikati ya njia inakuwa ngumu, inayeyuka ya mwisho, inabakia kama kaukuta kafupi: ukitoka kidogo pembeni unazama mpaka ku goti na unasikia maji inapita chini. Asubuhi ni barafu tupu, tunafunga vyuma ku viatu, saa nane yote imelegea na kamuto kenye uliruka asubuhi kamejaa. Parke zingine zinafunga njia mpaka udongo ikauke, ju batu banakwepa matope banapita pembeni na njia inapanuka kila mwaka, majani inakufa. Hata huko naomba, piteni katikati ya matope.

Kijana Birere
Siye ba Goma, mulima yetu Nyiragongo haina matope mingi, majiwe ya volkano inakunywa maji yote. Lakini inaviringika chini ya mguu, na kule juu ku meta 3470 unaweza kukuta mvua ya mawe. Mutu anatoka Kibati na jasho anafika anatetemeka. Nguo kavu mu sasheti, usiivae mpaka ufike.

Mutoto wa Nguba
Na milima ya Ruwenzori?

Muyira wa Mutwanga
Kwetu hakuna kungojea mwezi fulani, ni ku ikweta, theluji inaangukaka mwezi yoyote kule juu karibu na kilele cha Margherita, na barafu yenyewe inazidi kupunguka. Chini yake ni matope na majani yenye kulowa maji tu.

Fundi Kadutu
Yaya, katikati ya matope utapita weye, bote yangu iko na tundu.

Yaya wa Québec
Njo vizuri, maji ikiingia itapata pa kutokea.