Kosplei baada ya chuo: deraya ya povu kwenye geto la chumba kimoja, nianzie wapi?

mdau_wa_geto

Habari za jioni wakuu na dada zangu.

Chuo kimeisha, ajira bado. Ni vibarua vya hapa na pale, na usaili ukiitwa lazima niondoke. Nataka kuanza kosplei (kuvaa kama mhusika wa hadithi) kwa kutengeneza deraya, yaani vazi la kivita, ya mhusika wa anime (katuni za Kijapani): dirii ya kifua na mgongo, mabega mawili, vikinga vya vigasha (mkono chini ya kiwiko) na vikinga vya miundi. Kofia haina. Lengo ni kuivaa Desemba.

Naishi chumba kimoja cha kupanga hapa Dar, jiko la gesi liko humohumo ndani. Nina rula ya chuma, kisu cha kukatia chenye wembe wa kuvunja, pasi na kikausha nywele. Cherehani naijua vizuri. Naomba kujua povu gani ninunue na kiasi gani, vipimo nichukue vipi bila msaidizi mzoefu, na jinsi ya kupanga kazi ili nikiitwa mkoani katikati isife. Bajeti haiji kwa mkupuo, inakuja kidogokidogo.

---

Mkasi_na_Povu

Mkuu karibu. Nianze na mpangilio, maana kwa hali uliyoeleza kinachoua kazi nyingi ni kukata kila kitu siku ya kwanza. Mtu anakata dirii, mabega na miundi kwa pamoja, gundi inaisha, simu ya usaili inaingia kutoka Dodoma, na chumbani linabaki rundo la vipande visivyovalika. Wewe gawa kazi kwa jozi. Vigasha kwanza, halafu mabega, halafu miundi, dirii iwe ya mwisho. Kila jozi imalizike hadi rangi na mikanda ndipo uguse inayofuata. Vigasha na mabega juu ya nguo nyeusi iliyoshonwa vizuri ni vazi kamili la kuingia nalo ukumbini, na kushona unajua. Tena kosa la kipimo kwenye kigasha linakula robo ya mkeka. Kosa hilohilo kwenye dirii linakula mikeka miwili.

Povu: tafuta mikeka ya kuchezea watoto, ile inayoshikana kwa meno, sm 60 kwa 60, unene mm 10 hadi 12. Malighafi yake ni EVA, ndiyo hiyohiyo ya ndala nyingi. Bonyeza kwa ukucha kabla ya kulipa. Alama ikirudi juu mara moja, nunua. Ikibaki shimo, hilo povu ni jepesi mno, litakunjika vibaya kwenye kona na kunyonya rangi bila kushiba. Povu la godoro halifai kabisa, na lile jeupe la kufungashia runinga linayeyuka likiguswa na gundi ya viatu au rangi ya kupuliza.

Kwa mtu wa umbo la kawaida, kadiria mkeka 1 kwa vigasha, mmoja na nusu kwa mabega, mmoja na nusu kwa miundi, mitatu kwa dirii. Jumla 7, nunua 8. Lakini usinunue yote leo. Anza na mitatu. Angalizo moja: rangi na unene hubadilika kati ya shehena na shehena, kwa hiyo ile mitatu ya dirii uinunue siku moja, duka moja. Kwa mapambo na kingo tafuta shuka la mm 5 na la mm 2. Mafundi viatu na wauza vifaa vya kutengenezea viatu wanayo.

Vipimo. Vaa nguo utakayovaa chini ya deraya, zungushia nailoni ya kufungia chakula, kisha tepu ya karatasi tabaka mbili. Chora mistari ya vipande juu ya tepu kwa kalamu ya wino mzito, na kila baada ya sm 5 weka alama fupi inayokata mstari. Alama hizo ndizo zitakazokuonyesha wapi kipande kimoja kinakutana na kingine wakati wa kugundisha. Bila hizo kona zinapishana. Kata, tandaza, sehemu inayokataa kulala ichanje, hamishia kwenye manila.

Sasa jambo ambalo mafunzo mengi ya video yanalipita. Kipimo cha tepu ni cha juu ya mwili, lakini povu lina unene. Likizungushwa, upande wa ndani unabanwa na wa nje unavutwa, kwa hiyo mzunguko unaopaswa kuukata ni ule wa katikati ya unene. Kwa povu la mm 10 ongeza sm 3 kwenye mzunguko mzima, kwa mm 5 ongeza sm moja na nusu. Usipoongeza, kigasha hakifungi, na utadhani umekosea kupima.

Kama utachapa ramani (michoro ya vipande vya kukata) za bure za mtandaoni, mwambie wa stesheneri achape kwa asilimia 100, asiruhusu mashine "itoshelezee" ukurasa. Ramani nyingi ni za karatasi ya Marekani, upana mm 216, wakati A4 ni mm 210. Zikibanwa zitoshee zinapungua karibu asilimia 3. Kwenye kifua cha sm 100 hizo ni sm 3 zimepotea. Zina kisanduku cha kupimia pembeni, kipime kwa rula kabla ya kukata chochote.

---

DadaWaChuda

Ndugu, hilo la jiko la gesi ndani ndilo la kwanza kwangu. Gundi ya viatu ya kopo, ile ya njano, ina kiyeyusho ambacho mvuke wake unawaka na ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni. Usiifungue chumbani humo hata dirisha likiwa wazi. Toka uani, upepo ukupulizie mgongoni, na watoto wa majirani wakae mbali. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi la msasa tu, mvuke haiuzuii. Kwa mvuke unahitaji ile yenye vichujio vya kaboni.

Namna ya kugundisha: paka tabaka jembamba pande zote mbili. Subiri. Dakika 5 hadi 10 wakati wa kiangazi, wakati wa vuli Dar inaweza kufika 15 kwa sababu ya unyevu. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikivuta lakini haiachi kitu kidoleni, iko tayari. Hapo unaunganisha mara moja tu, haina kusogeza. Linganisha alama ya kwanza, shika, nenda alama hadi alama, usivute povu ili lifike. Kopo la nusu lita linatosha vigasha na mabega. Kwa deraya yote weka lita 1.

Mishono ikifunguka baadaye, chanzo ni kimoja kati ya hivi. Umeunganisha ikiwa mbichi, kiyeyusho kimefungiwa ndani. Au umechelewa mpaka imekauka kabisa, na dawa ni kupaka tabaka nyingine. Au makali ya kisu yalikuwa butu, ukingo una matuta na pande mbili zinagusana kwa vidoto tu. Wembe wa kuvunja unakufa haraka kwenye EVA. Vunja kipande kila baada ya mita chache, au unoe kwa msasa namba 1000. Na kata kwa kupitisha kisu mara mbili au tatu, usilazimishe mara moja.

Kona ya pembe mraba: kila upande ulazwe kwa nyuzi 45. Uso ukikatwa wima hutapata kona, utapata mkunjo.

Joto sasa. Kikausha nywele hakifiki joto la kufunga vitundu vya povu. Kinachofaa ni bloa ya joto ya wati 1500 hadi 2000. Usinunue kwa ajili ya kazi moja. Fundi simu anayo ndogo ya kubadilishia chipu, na ukifika na vipande vyote vya jozi unayoshughulikia vimekatwa mnaelewana kwa kazi ya nusu saa. Ukiazima kubwa ya wati 2000, dakika 15 zinakula nusu uniti ya LUKU. Pitisha kwa mwendo usiosimama, sm 10 kutoka kwenye povu. Uso ukibadilika ukang'aa kidogo, sogea. Ukisimama sehemu moja povu linavimba halafu linatoboka.

Vipande bapa unaweza kuvipiga pasi, joto la kati, karatasi ya kuokea keki iwe katikati, sekunde 3 hadi 5. Vya mviringo pasi haiviwezi.

Utaratibu ni huu: kata, pasha joto na ukunje kwenye goti au chupa, shikilia mpaka lipoe, ndipo ugundishe. Ukigundisha kwanza ukapasha baadaye, joto linafungua mishono yako mwenyewe.

---

Rangi_Tatu

Niongeze upande wa kufunga povu kabla ya rangi. Gundi nyeupe ya mbao, sehemu 3 kwa sehemu 1 ya maji, tabaka 4 au 5 nyembamba, kila moja ikauke dakika 30. Ni rahisi, haina harufu, inafanyika chumbani. Baada ya hapo akriliki nyeusi, halafu fedha kwa brashi iliyofutwa karibu ikauke, ipite kwenye kingo tu. Kingo ndizo zinazolifanya povu lionekane chuma.

---

DadaWaChuda

@Rangi_Tatu kwa mabega nakubali. Kwa vigasha na ubavu wa dirii sikubali. Gundi nyeupe ikikauka inakuwa ngumu, sehemu inayojikunja itapata nyufa siku ya kwanza, na jasho la Desemba Dar linailainisha tena ikawa ya maziwa. Sehemu zinazojikunja afunge kwa rangi ya mpira ya kupuliza, au rangi ya ukutani ya emulsheni yenye asili ya plastiki, tabaka 3. Na rangi ya kupuliza ya magari asiweke moja kwa moja juu ya povu. Haiyeyushi EVA, ila povu linainywa, na ikikauka haina mnyumbuko, inabanduka kama magamba.

---

Rangi_Tatu

Nakubali kuhusu ubavu. Basi gawanya: mabega na bamba la kifua gundi nyeupe, kila kinachojikunja emulsheni. Ukipulizia rangi au vanishi wakati wa mvua uso unapata ukungu mweupe, huo ni unyevu umenaswa. Puliza saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, siku kavu.

---

mdau_wa_geto

Asanteni sana. Nimebakiza mikanda, na kuhifadhi, maana naweza kuhama chumba muda wowote. Pia kuna jamaa wawili wameshaniuliza kama nitawatengenezea. Nikubali?

---

Mkasi_na_Povu

Mikanda: usitegemee velkro yenye gundi yake, joto la mwili linaibandua. Chukua ukanda wa nailoni wa begi, sm 2.5, na klipu za begi kutoka kwa fundi mabegi. Chana mfereji kwenye povu upana wa ukanda, pitisha ukanda, laza sm 5 ndani, paka gundi ya viatu, kisha funika kwa kiraka cha povu la mm 2 cha sm 7 kwa 7. Uzito unagawanyika kwenye kiraka badala ya kuning'inia kwenye mshono mmoja. Kigasha kitumie elastiki ili mkono upite bila kufungua kitu. Mabega yaning'inie kwenye ukanda wa dirii, siyo kwenye nguo, vinginevyo kola inavutwa nyuma siku nzima.

Kwapani acha uwazi wa vidole vinne. Bila uwazi huo kuna malengelenge, na hewa haipiti.

Oda: usichukue hata moja kabla vigasha vyako havijavaliwa siku nzima na kurudi nyumbani vizima. Ukifika hapo, hesabu vifaa vyote pamoja na nyembe na nauli, kisha saa zako. Mfano wa hesabu: vifaa 60,000, saa 25 kwa 3,000 ni 75,000, bei 135,000. Chukua asilimia 60 kabla ya kukata, yaani 81,000. Hapo vifaa vimelipwa na mteja akipotea hujala hasara ya vifaa. Tarehe andika "wiki nane tangu malipo ya awali", kwa sababu wewe mwenyewe unaweza kuitwa kazini. Na vipimo ujipimie, usipokee kwa ujumbe wa simu. Piga picha kila hatua. Kwa anayetafuta kazi ya ubunifu au ushonaji, picha ya ramani na kipande kilichokatwa inamwambia mwajiri mengi kuliko picha ya vazi lililokamilika.

---

Bi_Kanuni

Jambo moja kwa wanaotaka wahusika wa kijeshi: kwa Tanzania acheni kabisa mabaka na mavazi yanayofanana na ya jeshi. Raia haruhusiwi kuyavaa, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa waliokuwa nayo kuyasalimisha. Silaha za povu zipake rangi ambayo haiwezi kudhaniwa ni ya kweli, na zibebwe ndani ya begi hadi ukumbini, daladala siyo mahali pake. Kama utasafiri kwenda NAICCON Nairobi au tamasha lolote, soma masharti yao ya silaha bandia kabla ya kuikata, maana urefu na malighafi huwa vinaangaliwa mlangoni.

---

DadaWaChuda

Kuhifadhi: shangazi kaja moja kubwa inabeba yote ukipanga vizuri. Dirii ifungue klipu za ubavu, kifua kilale ndani ya mgongo. Vigasha viingie ndani ya miundi, miundi ndani ya dirii, mabega juu. Jaza mashimo kwa nguo ili mviringo usilale, kwa sababu EVA inayokaa imebanwa kwenye joto inakariri umbo hilo. Usiiweke darini chini ya bati wala kwenye buti la gari linaloshinda juani. Ikishabonyea, ipashe upya taratibu kwa bloa, mbali na mishono.

Rangi ya akriliki na gundi nyeupe zikigusana kwenye joto zinanatana hata baada ya wiki. Weka kitambaa cha pamba kati ya kila kipande na kipande. Gazeti usitumie, wino wake unahamia kwenye ile fedha.