Aliyefungwa kwa siasa anaweza kupatanisha watu?

Wakuu, niko Mwaloni Kirumba nasubiri magunia ya dagaa yapakiwe. Mteja wangu Mrundi anabisha: aliyetoka jela ya siasa hurudi na kisasi tu. Kweli?

— Muulize nani alisuluhisha kwao! Mwalimu alipofariki 1999, usuluhishi alipokea Mandela, mtu wa miaka 27 jela. Agosti 2000 Warundi wakasaini mkataba wa amani Arusha.

— Mkuu, usikimbie. Makundi ya waasi CNDD-FDD na FNL hayakusaini, vita ikaendelea. Mimi naangalia Belfast, Ireland ya Kaskazini: waliofungwa wa pande zote mbili za mgogoro, Wakatoliki na Waprotestanti, walipigiana simu usiku vijana wakianza kurushiana mawe mpakani mwa mitaa. Kijana humsikia aliyeonja selo (mchungaji ataimba mpaka kuche).

— Nimemsomea mteja. Hao wa simu kawakubali. Wa Arusha bado ananibishia.