EliteBook ya kizazi cha 6: Windows 11 kwa nguvu, Linux Mint, au Mac?

LangoniLamu

Asalam aleikum wakuu. Mashine ni HP EliteBook 840 G3, prosesa i5-6300U, RAM GB 8 kipande kimoja, SSD GB 256, Windows 10. Mchana ni hesabu za nyumba ya wageni, ritani za KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya), mabango, na kuchapisha kwa Epson L3250. Usiku ni gemu: GTA V, Counter-Strike 2, na vijana wanaitaka FC, gemu la soka la EA, ya mtandaoni. Windows 11 inaikataa mashine hii. Wako wanaosema nilazimishe, wako wanaosema Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows), na kuna mtu anauza MacBook Air ya 2017. Linaloniudhi zaidi ni masasisho kujishusha yenyewe na kumaliza bando. Nataka mashine inayonitii. Niende wapi?

FundiMaweni (Malindi)

Wa aleikum salaam. Tazama kwanza programu ambayo haina badala, halafu ndiyo uchague mfumo. Kwako naiona moja tu: fomu za KRA za Excel, kama P10 ya kodi ya wafanyakazi. Fomu hizo zinaendeshwa na makro, yaani programu ndogo zilizo ndani ya faili lenyewe. Ukibonyeza "Validate", makro ndiyo inayokagua na kukutolea faili la zip la kupandisha iTax, tovuti ya KRA. LibreOffice, mbadala wa bure wa Office, inafungua karatasi vizuri, lakini makro za Excel inazifahamu nusunusu. Kitufe hukaa kimya au hutoa kosa. Excel ya kwenye kivinjari haiendeshi makro hizo kabisa. Kwa hiyo Windows usiifute.

Yaliyobaki Mint inayaweza. Hesabu za kawaida fanya kwa LibreOffice, mabango kwa Inkscape na GIMP. Hiyo Epson inachapa kwa draiva ya `printer-driver-escpr` iliyo kwenye hazina ya Mint, na skana inafanya kazi pia.

Kuhusu kulazimisha Windows 11: orodha ya Microsoft kwa Intel inaanza kizazi cha 8 isipokuwa chache, na inadai TPM 2.0, chipu ya usalama. Rufus, programu ya kuandika mfumo kwenye flashi, inaweza kuondoa ukaguzi huo wakati wa kutengeneza flashi, na mfumo utaingia. Tabu inakuja baadaye. Viraka vya kila mwezi kwa kawaida vinafika, lakini toleo jipya la mwaka halijisakinishi kwenye mashine isiyokubalika. Lazima ushushe ISO, faili zima la usakinishaji, ya zaidi ya GB 5 na kurudia kazi kwa mkono. Kwa mtu anayehesabu bando hiyo ni gharama ya kujitakia. Windows 10 msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, ila Microsoft waliongeza viraka vya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026 kwa dola 30, au bure ukihifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Jiandikishe huko, Windows 10 ibaki kwa ajili ya KRA, na Mint iwe ndiyo ya kila siku.

Utaratibu wake:

1. Nakili faili zote nje ya mashine. Kisha andika `msinfo32` kwenye utafutaji wa Windows utazame mstari wa "BIOS Mode". Kama ni UEFI (mtindo mpya wa kuwaka), washa flashi kwa UEFI. Kama ni Legacy (wa zamani), iwashe kwa Legacy. Zikipishana, kisakinishi cha Mint hakitaiona Windows, na hapo ndipo watu hufuta diski nzima wakidhani ni tupu.

2. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, pata kwanza ufunguo wa tarakimu 48 na uuandike karatasini, kisha uisimamishe. Ukibadilisha jinsi mashine inavyowaka, itakuuliza ufunguo huo.

3. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`. Amri hii inazima pia kuwaka kwa haraka. Ukiiacha, Windows "inayozimwa" huwa imelala tu, na Mint itaifungua diski ya NTFS (mpangilio wa faili wa Windows) kwa kusoma pekee ili isiharibu data. Faida ya pili ni kwamba faili kubwa la kulalia linaondoka, nawe unapata nafasi zaidi ya kupunguza.

4. Punguza sehemu ya Windows kwa `diskmgmt.msc`, ukiwa ndani ya Windows yenyewe. SSD ya GB 256 itaonekana kama 238 hivi. Achia Windows GB 100.

5. Shusha Mint, hakiki faili ukiwa Windows kwa `certutil -hashfile jina-la-faili SHA256` ulinganishe namba na ya tovuti yao, iandike kwenye flashi. Kwa HP bonyeza F9 wakati wa kuwaka. Jaribu Wi-Fi, sauti na printa ukiwa bado kwenye flashi, kabla ya kusakinisha chochote. Ukiridhika, chagua kusakinisha kando ya Windows.

Fanya kazi hii betri ikiwa imejaa na chaja iko ukutani. Stima ikikatika katikati ya kugawanya diski na betri imechoka, umepoteza vyote viwili.

MkomaniPC

Nakubaliana na FundiMaweni kwa yote isipokuwa kugawanya SSD, na sababu yenyewe ni gemu.

GTA V inataka zaidi ya GB 100 peke yake. Hadithi yake inachezeka kwenye Linux kupitia Proton, zana ya Steam ya kuendesha gemu za Windows, lakini GTA Online haiingiliki tangu Rockstar walipoweka BattlEye, kinga ya udanganyifu, Septemba 2024, maana hawakuiruhusu kwa Linux. Ukitaka Online, gemu lazima likae Windows, na GB 100 haitoshi hata hilo gemu lenyewe. 840 G3 ina nafasi mbili za diski: M.2 ya 2280 na ya inchi 2.5 ya SATA. Fungua kifuniko cha chini uone ipi iko wazi, nunua SSD ya pili, uchomoe ya Windows unaposakinisha Mint, kisha uirudishe. Kila mfumo unakuwa na diski yake na sehemu yake ya kuwashia. Sasisho la Windows likiharibu mwasho wake, Mint bado inawaka kwa F9. Kwa anayetaka mamlaka juu ya mashine yake, hii ndiyo njia safi.

Ukiwa Mint: fungua Steam, "Settings", "Compatibility", hakikisha Proton imeruhusiwa kwa gemu zote; ukibadilisha kitu, zima Steam uiwashe tena. Gemu za Proton usiziweke kwenye diski ya NTFS ya Windows hata kama Mint inaiona. Proton hutengeneza viungo vyenye nukta mbili kwenye jina, kama `c:`, na Windows haikubali alama hiyo katika jina la faili. Gemu halitafunguka, au itabidi urekebishe diski. Ziweke kwenye diski ya ext4, mpangilio wa faili wa Linux.

CS2 ina toleo lake la Linux, Proton haihitajiki. FC ya mtandaoni sahau kwenye Linux: kinga ya udanganyifu ya EA inafanya kazi ndani ya kiini cha Windows. Na hata kwa Windows, matoleo ya karibuni yanataka kadi ya grafiki ya peke yake. Intel HD 520, grafiki iliyo ndani ya prosesa yako, haiyawezi, na hakuna mfumo utakaoibadilisha hiyo.

Kinachosaidia kwa pesa kidogo ni RAM. HD 520 haina memori yake, inakopa ya mashine. Kwa kipande kimoja inapita njia moja. Ongeza GB 8 nyingine ya DDR4 ya laptopu kwenye nafasi ya pili, njia zinakuwa mbili na kasi ya gemu inapanda kwa kiasi kinachoonekana. Fanya hivi kabla ya kununua kitu kingine chochote.

BintiShela

Hiyo MacBook Air ya 2017 achana nayo, hata kwa bei ya kutupa. Inaishia macOS 12, ambayo Apple wameshaacha kuitolea viraka. RAM imechomelewa kwenye bodi. Gemu za zamani za biti 32 Apple walizikatia mwaka 2019. Mac yenye maana kwa kazi ni ya prosesa ya M1 kwenda juu, na kwa gemu zako hizo bado si chaguo.

Nyongeza kwa ulio Lamu: hewa ya chumvi inakula viungio. Ukishafungua kifuniko kwa ajili ya RAM, futa vumbi la feni na uangalie kutu kwenye nafasi ya diski.

LangoniLamu

Shukrani sana, nimeelewa. RAM kwanza, kisha SSD ya pili. Maswali mawili: bando nitalilinda vipi pande zote mbili? Na nasikia saa hupotea ukiwa na mifumo miwili.

FundiMaweni (Malindi)

Upande wa Windows, ingia kwenye sifa za Wi-Fi uwashe "Metered connection", na kwenye "Delivery Optimization" uzuie mashine yako kuwagawia wengine masasisho. Mpangilio wa kwanza unashikamana na jina la mtandao: ukihamia simu nyingine ya kuchangia intaneti, uuweke upya. Mint haisakinishi sasisho mpaka uliruhusu, labda uwashe mwenyewe masasisho ya kujiendesha. Kinachokula bando kule ni Flatpak, aina ya vifurushi vinavyobeba vitegemezi vyao, maana programu ya kwanza inavuta mamia ya MB ya vitegemezi. Programu ikiwepo kwa aina zote mbili, chukua kifurushi cha kawaida cha mfumo, na Steam pia.

Saa: Mint inaandika saa ya bodi kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows inaisoma kana kwamba ni saa ya hapa. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu, kwa hiyo saa nne asubuhi Windows itakuonyesha saa moja, na risiti za wageni zitatoka na saa hiyo. Andika hii mara moja kwenye Mint:

`timedatectl set-local-rtc 1`

Mint itakuonya kwamba haipendi mpangilio huo. Uache hivyo hivyo, kisha washa Windows uhakiki saa.