Wakuu, nitajuaje matawi mawili ya Git yaliachania wapi? main na malipo zinanichanganya

mchapa_kodi
Wakuu habari za mchana, naombeni msaada maana hapa nishachoka. Nina tawi la Git (programu ya kutunza historia ya kodi) linaitwa malipo, nililitoa main, yaani tawi kuu, kitambo, tunalifanyia kazi na jamaa mmoja wa ofisini, nusu ya kazi ikaingia main kwa PR (pull request, ombi la kuingiza kazi) ya kwanza na sisi tukaendelea tu humohumo, sasa leo nafungua PR ya pili naona imejaa komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) zote za zamani ambazo zilishapita, halafu konflikti, Git imeshindwa kuunganisha, kwenye malipo.py, mistari ambayo hakuna mwingine anayeigusa zaidi yetu. Nikipiga `git diff main..malipo` ndo balaa kabisa, inaleta mpaka mafaili ya ripoti ambayo sijawahi hata kuyafungua. Nataka nijue babu wa pamoja wa haya matawi ni komiti ipi. Nafanyaje?

bandari_salama
Fungua git log za matawi yote mawili pembeni kwa pembeni, tafuta komiti zenye tarehe zinazokaribiana. Mimi ndo huwa nafanya hivyo.

mzee_wa_terminali
Mkuu hapo juu usimpoteze mwenzio. Tarehe inatoka kwenye saa ya mashine ya aliyeandika, na mtu akirebesi, yaani akihamishia komiti zake juu ya msingi mwingine, tarehe ya mwandishi inabaki ileile ya zamani wakati komiti ni mpya kabisa. Jibu la Git linatoka kwa wazazi, kila komiti imebeba hash (namba ya utambulisho) ya mzazi wake, ikiwa ni ya meji, ya kuunganisha matawi, inabeba za wazazi wawili, basi inarudi nyuma kutoka ncha zote mbili (komiti ya mwisho ya kila tawi) mpaka ipate komiti ya karibuni inayofikika kutoka pande zote. Amri ni moja tu:

`git merge-base main malipo`

Itakupa hash, chukua hiyo upige `git show`. Na hizo ripoti zinakuja kwa sababu ya nukta mbili. Nukta mbili kwenye diff inalinganisha ncha kwa ncha, kwa hiyo chochote kilichoingia main baada ya wewe kutoka kinaonekana kama vile wewe umekifuta. Weka tatu, `git diff main...malipo`, hiyo inaanzia kwa babu wa pamoja hadi ncha ya malipo, kazi yenu tu.

mchapa_kodi
Asante mkuu, nukta tatu ripoti zote zimepotea. Ila sasa hash niliyopewa ni ya kabla hata ya PR ya kwanza! Inakuwaje na ile PR ilishamejiwa jamani?

dada_wa_seva
Mlimeji kwa skwoshi, yaani komiti zote zikabanwa kuwa moja?

mchapa_kodi
Ndiyo dada, bosi anataka historia ya main iwe safi.

dada_wa_seva
Basi ndo hapo. Angalia, kila herufi ni komiti:

```
A---B---C---D---S   main
     \
      E---F---G     malipo
```

E na F ndo PR ya kwanza. Skwoshi imechukua mabadiliko ya E na F ikayaandika upya kama komiti mpya S, na mzazi wa S ni D peke yake. Maudhui yameingia main lakini undugu haujaandikwa popote, kwa hiyo Git ikitafuta babu inaishia B kama vile PR ya kwanza haikuwahi kutokea. Ndo maana PR ya pili inaonyesha E, F na G.

Na konflikti inatoka hapohapo. Mistari ambayo pande zote zimeibadilisha sawasawa tangu B Git inaipitisha bila neno, ila ile mliyoigusa tena kwenye G, main ina ya S, nyie mna ya G, na zote mbili ni tofauti na B, hiyo haiwezi kuamua yenyewe. Mngemeji kawaida, F ingekuwa mzazi mmojawapo na babu angekuwa F, mambo yangekwisha.

Dawa yake, tafuta komiti ya mwisho iliyoingia kwenye PR ya kwanza, kwenye mchoro ni F, halafu:

`git rebase --onto main F malipo`

Maana yake chukua vyote vilivyokuja baada ya F uvipandikize juu ya main. Ukipushi tumia `--force-with-lease`, usije ukamfutia jamaa yako kazi aliyopushi wewe hujaivuta, na mwambie kabisa asiendelee na nakala yake ya zamani.

otis_254
Na usishangae ukiweka hiyo merge-base kwa pipeline (kazi zinazojiendesha zenyewe kwa seva) na ikose kurudisha kitu. GitHub Actions, ile checkout yao, hatua ya kuchukua kodi, inavuta komiti moja tu, so hakuna historia ya kutafuta babu ndani. Ukijaribu nukta tatu utaona "no merge base". Weka `fetch-depth: 0`, ama upige `git fetch --unshallow`. Mimi hiyo ilinilia wikendi mzima.

bandari_salama
Haya nimeelewa, ile ya tarehe naiacha. Swali, inawezekana wakawepo mababu wawili?

mzee_wa_terminali
Inawezekana sana, pale ambapo main imemejiwa kwenye tawi na tawi likamejiwa main kabla upande wowote haujaiona meji ya mwenzake. Bila `--all` merge-base inakupa mmoja tu. Wakati wa kumeji Git yenyewe inawameji hao mababu kwanza kupata babu wa bandia ndo iendelee, zamani kazi hiyo ilikuwa ya mbinu ya kumeji inayoitwa recursive, tangu Git 2.34 ya 2021 mbinu ya kawaida ni ort.

mchapa_kodi
Nimepiga rebase --onto, hakuna konflikti hata moja na PR imebaki na komiti zetu mpya tu. Dada ubarikiwe. Ila bosi skwoshi haachi, nitakuwa nafanya hivi kila PR?

dada_wa_seva
Hapana, skwoshi mbaki nayo. Tawi likishaingia lifuteni, kazi inayofuata mtoe tawi jipya kutoka main ya leo. GitHub ina sehemu kwenye mipangilio ya ripo, ukiwasha inafuta tawi yenyewe PR ikimejiwa, mwambie bosi aiwashe.