Kuandika kwa ufupi ofisini: kipi kikatwe, kipi kibaki?

Mwuliza swali, Tukuyu

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninafanya kazi katika ofisi inayoratibu ununuzi wa parachichi kutoka kwa vikundi vya wakulima wa Rungwe na Busokelo. Huandika madokezo ya kuomba fedha kwa mkuu wa idara, na ujumbe wa WhatsApp kwa viongozi wa vikundi vijijini. Mkuu hurudisha madokezo yangu akisema ni marefu. Nikiyafupisha, huuliza mambo yaleyale niliyoyaondoa. Huko vijijini nako, kiongozi mmoja mtu mzima aliniambia kwamba ujumbe wangu usio na salamu ulimfanya ajione kama anaamrishwa na mtoto. Naomba uzoefu wenu.

Mtunza kumbukumbu mstaafu, Iringa

Mwanangu, nimekaa masjala miaka mingi, na madokezo mengi yaliyopita mikononi mwangu yalikuwa na kasoro moja: mwandishi alisimulia historia ya jambo tangu lilipoanza, akafika kwenye ombi lake ukurasa wa pili, wakati msomaji ana rundo la majalada mezani na amekwisha kuchoka. Geuza mpangilio huo. Aya ya kwanza itaje unachoomba, kiasi chake na siku ya mwisho ya kukipata, sababu zifuate. Historia iachie jalada lenyewe, kwa kuwa namba ya folio, yaani namba ya hati ndani ya jalada, inamtosha anayetaka kufuatilia.

Maswali yanayokurudia yanatokana na kukata pasipostahili. Anayeidhinisha fedha ana maswali yanayojulikana: zitatoka kifungu gani cha bajeti, nani atawajibika nazo, na je, masurufu yaliyotangulia, yaani fedha ulizopewa kwa kazi na kutakiwa kuzitolea hesabu, yamerejeshwa? Majibu ya hayo yabaki hata kama mengine yote yataondoka. Ondoa shukrani zinazojirudia na maelezo ya umuhimu wa kilimo, ambayo mkuu wako hayahitaji ili aamue.

Afisa ugani, Njombe

Nakubaliana na mzee kuhusu dokezo, lakini kwa wakulima naomba salamu isiguswe. Huku kwetu anayeanza jambo bila kusema "kamwene" hasikilizwi vizuri, hata akiwa na hoja nzito, na simu haijabadilisha hilo. Salamu ya mstari mmoja haiurefushi ujumbe. Kinachourefusha ni kuchanganya bei, kikao, mbolea na gari mahali pamoja, hata msomaji asijue ni lipi linalomtaka achukue hatua. Mimi hutuma hivi:

"Kamwene mzee wetu. Gari la parachichi litafika ghalani Jumatano tarehe 12, saa 2:00 asubuhi. Tunaomba wakulima wachume Jumanne mchana, si kabla ya hapo. Tafadhali nijulishe ukishawaarifu."

Maneno "si kabla ya hapo" ndiyo yenye uzito wote. Parachichi haliivi likiwa mtini. Huanza safari ya kuiva likishachumwa, kwa hiyo ujumbe ulioeleweka nusu unaweza kuyaacha matunda yakisubiri gari siku mbili, na mkulima akakataliwa mzigo alioutunza mwaka mzima. Ndiyo maana naona kuandika kwa uwazi ni haki ya mkulima, wala si suala la mtindo wa ofisi.

Msimamizi wa usafirishaji, Tunduma

Niongeze kuhusu muda. Tunduma na Nakonde zinatenganishwa na mpaka tu, lakini Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na wenzetu hawahesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi. Ukimwandikia wakala wa upande wa pili "saa 2" pekee, anaweza kuelewa kuwa ni mchana. Sisi huandika "saa 2:00 asubuhi kwa saa za Tanzania"; maneno yanaongezeka kidogo, lakini yanaokoa simu nyingi. Jambo lenye mabishano tunalizungumza kwa simu kwanza, kisha tunaandika mistari miwili ya tulichokubaliana.

Mwuliza swali, Tukuyu

Nawashukuru sana. Dokezo la kesho nimeliandika hivi, naomba mlikosoe:

"Naomba kibali cha masurufu ya shilingi 180,000 kwa ajili ya dizeli ya gari la ukusanyaji, Tukuyu hadi Lwangwa na kurudi, haraka iwezekanavyo. Gari linaondoka Ijumaa tarehe 14. Fedha zitoke kifungu cha usafirishaji. Masurufu yaliyopita yamerejeshwa; stakabadhi zipo folio ya 31. Msimamizi ni dereva wa idara."

Mtunza kumbukumbu mstaafu, Iringa

Limekaa vizuri, mwanangu. Badala ya "haraka iwezekanavyo" andika "kabla ya Jumatano tarehe 12, saa 6:00 mchana", ili mhasibu apate siku ya kuandaa malipo. Na kama masurufu yatatoka kwa jina lako, jitaje wewe kuwa mwenye kuyarejesha. Dereva atajwe kwa uendeshaji tu, la sivyo swali hilo litakurudia.