.shp na .shx: AutoCAD na QGIS zinagombea faili zilezile

Mpima_Mikindani
Wakuu habari zenu. Kompyuta ya ofisi hapa Mtwara ina Windows 10, AutoCAD ya michoro, QGIS ya ramani, na LibreOffice. Ramani za mashamba ya korosho ya Tandahimba ziko kwenye shapefile, yaani ramani moja iliyogawanywa kwenye faili za .shp, .shx na .dbf (jedwali la maelezo). Kwenye safu ya Type, .shp inaonekana "AutoCAD Shape Source" na .shx "AutoCAD Compiled Shape". Nikibofya .shp mara mbili inafunguka Notepad, herufi hazisomeki. Ile .dbf inafunguka LibreOffice Calc, na tangu mtu aipange kwa alfabeti humo, majina ya wakulima yamehamia mashamba yasiyo yao. Nimejaribu amri ya assoc, ya kupanga faili ifunguliwe na programu ipi, wapi. Niondoe AutoCAD?

Shangani_GIS
Usiondoe kitu mkuu, na usisevu chochote kwenye hiyo Notepad. Ukisevu, .shp imekwisha.

AutoCAD hutumia .shp kwa maandishi ya kuchora alama na fonti, na .shx ni hayo hayo yakishageuzwa kuwa fonti tayari. ESRI, kampuni iliyobuni shapefile, nao wakatumia .shp kwa maumbo na .shx kwa faharasa yake. Windows haichunguzi kilichomo ndani, inaangalia herufi za mwisho tu. Kwa hiyo hilo jina la Type lisikutishe, halijagusa data yako.

Assoc inaandika mpangilio wa kompyuta nzima, lakini chaguo la mtumiaji, lililoko kwenye rejista chini ya FileExts, sehemu iitwayo UserChoice, ndilo lenye nguvu. Windows imeliwekea alama ya ulinzi, ukilibadilisha kwa mkono linakataliwa. Njia halali ni kubofya kulia, Open with, Choose another app, kisha weka tiki kwenye Always.

Kwa .shp mimi hata hivyo nashauri uache kabisa kubofya mara mbili. Fungua QGIS kwanza, halafu iburute .shp ndani yake. Kwa .dbf, ondoa Calc ipangie Notepad: atakayebofya ataona takataka na kufunga, badala ya kuona jedwali zuri linalomshawishi kulipanga.

Nachingwea_Ramani
Tatizo kubwa hapo ni .dbf. Umbo la 57 kwenye .shp linachukua mstari wa 57 wa .dbf, basi. Hakuna namba ya siri inayoviunganisha. Ukipanga mistari na kusevu, kila shamba linapata mwenye mpya.

Kama kuna nakala ya zamani, rudisha .dbf ile. Kama hakuna, tazama kama jedwali lina safu ya namba iliyofuata mpangilio wa mwanzo. Panga kwa hiyo, kisha usevu. Ikikosekana hiyo lakini kuna safu ya eneo, fungua QGIS, kikokotoo cha safu (Field Calculator), weka $area, yaani eneo la umbo, kwenye safu mpya. Linganisha eneo lililoandikwa na lililokokotolewa (angalia vipimo, hekta moja ni mita za mraba 10,000). Yasipolingana, huo mstari si wa shamba hilo, na mara nyingi utaona ni wa lipi. Mashamba yenye maeneo yanayokaribiana yahakikini kwa hati, msibahatishe jina la mtu kwenye ardhi.

Ile .shx ikipotea si msiba: weka SHAPE_RESTORE_SHX=YES kwenye GDAL (maktaba ambayo QGIS hutumia kusoma faili za ramani), inajengwa upya kutoka .shp. Ikikuchanganya na ya fonti, ifungue kwa Notepad bila kusevu: ya fonti inaanza na "AutoCAD-86".

Mpima_Mikindani
Safu ya eneo ipo, naanzia hapo. Ili isijirudie?

Shangani_GIS
Ndani ya QGIS bofya kulia kwenye jina la ramani yako (layer), Export, Save Features As, chagua GeoPackage. Ni faili moja ya .gpkg, umbo na jina la mkulima vinakaa pamoja, na majina ya safu hayakatwi kwenye herufi 10 kama kwenye shapefile. Ila rekebisha majina kwanza, la sivyo unahamisha makosa. Anayetaka AutoCAD mpe DXF, faili ya michoro ambayo AutoCAD huifungua: Project, Import/Export, Export Project to DXF.